Mstari wa Mama Kapinga kwenye Kitabu cha Ubatizo

Nadège, umenipigia simu mara tatu kwa jambo hili, na mara ya tatu nilikata. Nisamehe. Nilikuwa nasonga bukari, na swali lako lilikuwa refu kuliko subira yangu. Leo wajukuu wako shuleni, nyumba imetulia, nimekaa mezani na kalamu. Nitakujibu kwa maandishi, ndivyo nilivyozoea.

Umesema unaingiza vitabu vyote vya ubatizo kwenye kompyuta. Umefika kwenye kitabu cha mwisho nilichokijaza kabla sijastaafu, na humo umekuta mstari wenye doa la wino na maneno pembeni ambayo mashine yako haina mahali pa kuyaweka. Unauliza uyaache nje, ili kazi iende mbele. Ningeweza kukujibu kwa neno moja. Lakini nakujua. Neno moja utalisahau kabla ya Jumapili, kwa hiyo nitaanza mwanzo, na ukimaliza uwasomee na wenzako wa parokia nyingine, maana wote mnanunua kompyuta na hakuna anayenunua kalamu.

Niliingia biro, yaani ofisi ya parokia, nikiwa msichana, nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonibana. Aliyenipokea alikuwa Papa Anselme, sekretere wa zamani, mtu mfupi aliyekuwa karani wa reli kabla ya kuja kuandikia Kanisa. Hakunikaribisha. Alinipa kalamu, akafungua kitabu, akaniambia niandike mtoto aliyebatizwa Jumapili. Nikaandika jina la mama wa ubatizo mahali pa mama mzazi. Hata saa moja ilikuwa haijaisha. Nikaomba kifutio, na Papa Anselme akanitazama kana kwamba nimemwomba pombe.

“Hapa hakuna kifutio,” alisema. “Ile yenye umeandika, umeandika. Piga mustari moja, andika ukweli pembeni, tia sahihi yako. Batu baone kosa yako, na baone kama ulisahihisha.”

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote. Mengine nilijifunza kwa kukemewa. Wino mweusi, kamwe wa bluu, maana wa bluu unafifia. Rula ya chuma, maana ya mbao hupinda masika. Muhuri hufungwa kwenye kitambaa kikavu. Ufunguo wa kabati hukaa shingoni, hata unapokwenda choo. Mvua ikinyesha, ndoo huwekwa chini ya bati linalovuja na kitabu hupelekwa upande wa dirisha. Kisha kuna ile nafasi nyeupe pembeni mwa kila mstari, ambayo Papa Anselme aliipenda kuliko ukurasa wenyewe. Mtu akipata kipaimara, huandikwa pale. Akioa, pale. Akihamia Kolwezi na kuoa tena kwa siri kama mtu asiye na mke, barua ikija, pale pale. Alikuwa akisema mstari unaonyesha mtu alivyoingia, na pembeni panaonyesha alivyokaa.

Sasa niseme kilichonichosha katika kazi hii. Watu wanadhani sekretere wa parokia anajua nani ni Mkristo wa kweli. Wanakuja na uso ule ule. Mmoja anataka karatasi ili mtoto apokelewe shule ya masista. Mwingine anataka kuwa baba wa ubatizo, na hajaingia kanisani tangu yeye mwenyewe alipobebwa kuingizwa. Wa tatu amefiwa, anataka padri aje kuzika, na rais wa jumuiya yao hataki kutia sahihi kwenye kadi kwa sababu marehemu hakuhudhuria mikutano ya mtaa. Basi wanapigania kadi mezani kwangu, maiti iko mochari, na wote wawili wamevaa rozari shingoni. Nimeona mambo haya kwetu mtaani Kikula, nimeyasikia mitaa ya Panda na Shituru, na sijawahi kuyazoea. Kila mara yalinipandisha damu.

Na mimi nilikuwa mkali. Nakiri. Siku moja alikuja baba mmoja mwenye koti zuri, akitaka nipunguze miaka miwili kwenye tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe, ili achezee timu ya vijana wadogo. Miaka miwili tu, alisema, Mungu hatajali. Nilimwambia Mungu hakai kwenye dirisha hili, ninakaa mimi. Alikasirika.

“Mama, weye uko mukristu namna gani? Hauna huruma?”

“Huruma iko kwa padri,” nilimjibu. “Huku iko kitabu.”

Mwanamke aliyekaa kwenye benchi la biro akicheka kimya kimya siku hiyo, beseni la vitambaa vya altare mapajani, alikuwa Mama Kapinga. Mshike huyo, Nadège. Mstari unaouliza ni wake.

Kapinga alikuja mara ya kwanza biro nikiwa tayari mtu mzima, nimeshaachiwa ufunguo wa kabati. Wazazi wake walitoka Kasai kufuata kazi ya migodi, yeye alizaliwa hapa hapa Likasi. Alikuwa anauza vitumbua karibu na soko, mwanamke mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Alisimama mbele ya meza yangu, akasema alichokuja nacho bila kuzunguka.

“Mama Sekretere, minye nataka ubatizo.”

Nilitoa fomu. Jina, mtaa, wazazi. Nikafika kwenye ndoa.

“Uko na bwana?”

“Niko naye. Papa Ilunga, ule mwenye alianguka ku machimbo ya Kakontwe.”

“Mulifunga ndoa?”

“Yeye alifunga. Na mwingine. Minye niko bibi wa pili.”

Nikaweka kalamu chini. Unajua sheria, Nadège, ipo mpaka leo. Mke wa pili habatizwi mpaka amwache mume. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda mahali asikokusudia kwenda.

“Nimuache na nani?” aliuliza. “Mugongo yake ilivunjika. Hawezi hata kujigeuza ku kitanda.”

“Iko bibi wake wa kwanza.”

“Régine alikimbia kabla ya ile ajali. Iko Kakanda.”

Nilimwandika kati ya wakatekumeni, maana kujifunza dini hakukatazwi kwa mtu yeyote. Nilidhani atachoka baada ya miezi mitatu. Alihudhuria kwa miaka kumi na tisa.

Nielewe vizuri hapo. Mkatekumeni wa kawaida anajifunza, anafanya mtihani, anabatizwa Pasaka, tunamsahau mpaka aje kutafuta kadi. Kapinga alijua majibu yote tangu mwaka wa pili. Mwaka wa nne mkatekista alikuwa anamwachia wanafunzi wapya wakati yeye anakunywa chai. Aliwafundisha wenzake sala, sakramenti na amri, wao wakabatizwa, yeye akabaki benchi ya nyuma na kundi jipya. Wawili kati ya wanafunzi wake wakawa marais wa jumuiya. Ndio hao hao wanaokataa kutia sahihi kadi za wafu.

Na kila mwaka, asubuhi ya Jumamosi Kuu, nilikuwa naandika orodha safi ya watakaobatizwa. Mkatekista aliweka jina la Kapinga kwenye orodha yake kila mwaka, kwa ukaidi au kwa aibu, sijui. Na kila mwaka mimi nilichukua rula ya chuma nikalipigia mstari mmoja, nikaandika pembeni: amezuiwa. Kisha alasiri Kapinga alileta vitambaa vya altare alivyovipiga pasi kwa ajili ya sherehe. Hata vile vitambaa, vile vinavyogusa kikombe, nilivisuuza kwanza mimi, maji nikayamwaga kwenye mchanga, ndipo nikampa avifue, maana asiyebatizwa haruhusiwi kuvisuuza mara ya kwanza. Hakuwahi kuniuliza kwa nini. Laiti angenitukana, ningelala vizuri zaidi.

Mwanamke akifa mtaani hana dada wa kumwosha, waliitwa wamama wa jumuiya, nao wakamwita Kapinga. Shimo likiwaangukia wachimbaji kule Kamatanda, wale vijana waliotoka mbali wasio na ndugu mjini, Kapinga alikaa mochari karibu na miili mpaka wanaume wapatikane wa kuzika. Aliweka kitenge chake mwenyewe juu ya mmoja, na akarudi nyumbani amejifunga gunia la unga. Niliyasikia haya kwa wengine. Yeye alinieleza habari za vitumbua tu.

Sasa njoo kwa Ilunga mwenyewe, maana hapo ndipo utakapokasirika nami. Nilifikiri iko njia. Ndoa yake na Régine inaweza kuchunguzwa na wakubwa wa Kanisa kule Lubumbashi. Wakiona tangu mwanzo haikuwa ndoa halali, Ilunga atafunga ndoa na Kapinga, na Kapinga atabatizwa bila kumwacha mtu. Nilijaza dosie ya maombi kwa mkono wangu, kurasa kumi na moja, nikaipeleka kwake atie dole gumba.

Nilimkuta amelala kwenye kitanda cha chuma karibu na dirisha, shuka jeupe, amenyolewa ndevu, hana kidonda hata kimoja mgongoni. Mtu aliyelala miaka mingi hivyo kukosa kidonda, muulize muuguzi yeyote maana yake ni nini. Kapinga alikuwa uani anachota mafuta ya vitumbua. Nikamsomea Ilunga karatasi. Alisikiliza, kisha akaficha mkono wake chini ya shuka.

“Hapana, Mama. Minye niko mukristu wa kweli. Nilioa mu Kanisa mara moja, jina yangu iko mu kitabu yako. Mukisema ile ndoa haikukuwa, siku ya kufa padri atakuya kufanya nini kwangu?”

“Padri atakuya vile vile. Na Kapinga atabatizwa.”

“Kapinga hana haraka,” alisema.

Nadège, kuna siku nilitamani kumtikisa mtu mgonjwa kitandani, na ni siku hiyo. Mtu hajaingia kanisani tangu ndoa yake. Alipokuwa mzima alimpiga Régine mpaka akakimbia na nguo alizovaa. Amelishwa, ameoshwa, amegeuzwa asubuhi na jioni na mwanamke mmoja, na anakataa kutoa kidole gumba kwa sababu anatunza mazishi yake. Na kwa kitabu changu alikuwa sahihi. Nilikifungua niliporudi. Ilunga, mbatizwa, kipaimara, ndoa moja, pembeni pasafi kabisa.

Régine naye alikuwa anatoka Kakanda mara moja kila mwaka, kuchukua barua ya kuthibitisha kwamba ni mwanachama mwema wa chama cha wamama. Alikuja na kitenge cha chama, kilemba cha chama, mkoba wa chama. Nikapiga muhuri. Mwaka mmoja walikutana na Kapinga kwenye benchi langu, mke wa kwanza na mke wa pili, na mimi nikasimama tayari kuwatenganisha.

“Anakula muzuri, ule muzee?” Régine aliuliza.

“Anakula.”

“Na matusi?”

“Matusi iko. Lakini mukono haitembei tena.”

Wakacheka, wote wawili, mpaka Régine akafuta macho kwa ncha ya kilemba cha chama. Kisha akanigeukia. Alisema nimpe Kapinga ubatizo, yeye hana neno. Nikamwambia neno si lake, ni la sheria. Akaniuliza sheria inamlinda nani hapo. Nikampa barua yake, nikamwambia biro inafungwa saa sita. Ilikuwa saa nne na nusu.

Padri Crispin alifika parokia yetu miaka michache kabla sijastaafu. Unamjua, kijana mzuri, anaheshimu sheria kama mimi, labda ndiyo maana tulikuwa tunakwaruzana. Nilimweleza habari za Kapinga. Aliniambia tusubiri. Sote tulijua tunasubiri nini. Tulikuwa tunasubiri Ilunga afe, ili mjane abatizwe. Parokia nzima ya Wakristo inamtakia mtu kifo kwa ajili ya sakramenti, na hakuna aliyeona ubaya. Lakini Ilunga hakufa. Alitunzwa vizuri mno.

Aliyeanza kufa ni Kapinga. Msimu wa baridi, mwezi wa saba, alikohoa wiki tatu akiuza vitumbua, kisha akaanguka sokoni. Mapafu yalikuwa yamejaa maji. Nilipofika hospitali, muuguzi aliniambia kwenye mlango kwamba kama kuna ndugu wa mbali, waitwe. Ilikuwa saa nane mchana. Nilimpigia Padri Crispin, naye alikuwa kwenye barabara ya Kakanda kwenda kusoma misa, simu haipatikani. Nilipiga mara saba.

Sheria hii pia unaijua: mtu akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kumbatiza, akiwa na maji na nia. Mwenyewe mgonjwa lazima atake, na lazima aahidi kushika amri za Mungu. Niliketi kando ya kitanda. Kapinga alikuwa amekalishwa, mito mitatu mgongoni, anavuta pumzi kama anayepanda mlima, lakini macho yake yalikuwa na akili yote.

“Kapinga, padri haiko. Minye nitakubatiza.”

“Basi ninakufa,” alisema.

“Muganga anasema vile.”

“Muzuri.”

Nilichukua kikombe cha plastiki, nikakijaza maji ya dumu lililokuwa chini ya kitanda. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mwanamke mzee aliyevunjika nyonga, alizima redio yake ili awe shahidi. Nikauliza, kwa maneno ya kitabu, kama anaamini. Aliamini. Kama anataka ubatizo. Alinitazama tu kwa swali hilo. Kama anaahidi kushika amri za Mungu.

“Nitashika yote,” alisema. Akapumzika. “Lakini nikipona, narudia kwa Ilunga. Andika vile.”

“Ile ya mwanzo inatosha.”

“Andika zote mbili.”

“Hautapona, Kapinga.” Ndiyo, nilimwambia hivyo, mgonjwa kitandani. “Muganga anasema leo ao kesho. Hautarudia kwa muntu. Sema ndiyo, basi, na unyamaze.”

Kisha akasema polepole, kila neno na pumzi yake:

“Weye ndiye unaniambia niseme uongo? Weye mwenye ulikatalia ule papa miaka mbili tu ya mutoto wake?”

Nikaweka kikombe juu ya kikabati, nikatoka korido. Nililia kwa hasira, Nadège, si kwa huruma, usinipambe. Nilimkasirikia yeye kwa ukaidi wake. Nilimkasirikia Ilunga na kidole gumba chake, na Padri na simu yake. Nilimkasirikia hata Papa Anselme, aliyekuwa amezikwa zamani. Ndipo nikaona kitu ambacho ningependa kukiona nikiwa na umri wako. Miaka kumi na tisa nilikuwa nangoja mwanamke huyu aseme uongo mmoja mdogo, ili nimwandike kati ya Wakristo. Angeusema mwaka wa kwanza, angesema ameachana na mume, akaenda kumhudumia kwa mlango wa nyuma, ningempa kadi. Wako wengi humo kitabuni waliofanya hivyo. Nawajua kwa majina. Yeye peke yake aliniheshimu kiasi cha kuniambia ukweli, na kila mwaka nikamlipa kwa rula.

Nilirudi. Nikachukua kikombe.

“Jina?” niliuliza, ingawa nililijua.

“Marta.” Alikuwa amelichagua tangu fomu ya kwanza.

Nikamwaga maji mara tatu kwenye paji la uso wake, nikasema maneno. Maji mengine yalimwingia sikioni akalalamika ni ya baridi. Mwanamke wa nyonga akasema amina kwa sauti ya kanisa zima.

Nilikwenda moja kwa moja biro, kabla woga haujanishika, nikafungua kitabu. Niliandika mstari wake kama mingine yote: jina, wazazi, mahali, hospitali, katika hatari ya kufa, mbatizaji ni mimi. Kisha pembeni: “Ameahidi kushika amri zote. Amesema akipona atarudi kwa Ilunga. Ameomba yaandikwe yote mawili.” Sahihi yangu. Pale kwenye neno “akipona” ndipo kalamu ilipodondosha lile doa. Papa Anselme angenikemea wiki nzima.

Na Kapinga akapona. Hiyo ndiyo shukrani niliyopata. Siku ya nne aliomba uji, akasema umepikwa vibaya. Wiki ya tatu alikuwa kwa Ilunga, anamgeuza asubuhi na jioni, kama alivyosema.

Padri Crispin alisoma mstari ule amesimama, kisha akakaa akausoma tena.

“Mama, haya ya pembeni. Ungeandika tu kwamba aliahidi.”

“Aliahidi. Iko pale.”

“Na haya mengine?”

“Na yenyewe alisema, mon père.”

“Mkubwa akija kukagua vitabu, atauliza.”

“Aulize. Ndiyo kazi ya pembeni.”

Alizunguka biro. Alijua, kama ninavyojua mimi, kwamba maji yakishamwagwa hayazoleki. Mtu aliyebatizwa amebatizwa, hata kama amepona kwa kiburi. Mwishowe alivua kofia ya kalamu yake, ya bluu, nikampa nyeusi, akatia sahihi chini ya yangu.

Usidhani mambo yalinyooka. Kapinga hapokei komunyo, maana bado anakaa na mume wa mwingine. Bado yuko benchi ya nyuma na wakatekumeni, anawafundisha. Hilo nimewaachia wewe na Padri, mimi nimestaafu. Kitu kimoja tu kimebadilika: Jumamosi zangu za mwisho kazini, vitambaa vya kikombe nilimpa moja kwa moja, asuuze mwenyewe. Mara ya kwanza alimwaga maji yale kwenye mchanga polepole sana, akabaki amesimama pale na beseni tupu. Nikajifanya natafuta ufunguo.

Wiki yangu ya mwisho nilimwandikia kadi. Unajua kadi ya ubatizo hunakiliwa pamoja na maneno ya pembeni, hiyo ni kanuni, na mimi sivunji kanuni. Alisoma yote kwa kidole, mpaka chini.

“Ni vile vile nilisema,” alisema, akaitia kwenye nailoni.

Aliniambia baadaye kwamba Ilunga alitaka kuiona. Macho yamechoka, basi Kapinga alimsomea. Alipofika kwenye maneno ya pembeni, mzee yule mwenye matusi aliomba isomwe tena. Akaomba mara ya tatu. Kisha akatoa mkono chini ya shuka na kuuliza kama zile karatasi za Lubumbashi bado zipo.

Zipo, Nadège. Ziko kabati la chini, nyuma ya muhuri wa zamani, zimefungwa kwa uzi mweupe, kurasa kumi na moja. Nimesikia macho na masikio yake vinaondoka haraka, kwa hiyo usingoje mkutano wa baraza. Zipeleke kwake, na ubebe kidau cha wino mweusi kwa dole gumba lake. Jibu la Lubumbashi likija kabla yeye na mimi hatujafa, litaandikwa pembeni kwake na pembeni kwa Régine, na nafasi ipo, niliipima kwa rula.

Kuhusu kompyuta yako: umesema kisanduku cha ahadi kinakubali “ndiyo” au “hapana” tu. Basi mwite aliyekiunda, akifungue, akirefushe mpaka maneno yote yaingie, pamoja na lile la doa. Akikuuliza kwa nini mtu mmoja atumie nafasi ya watu ishirini, mwambie mwenyewe aliomba, akiwa na maji mapafuni na kikombe mbele yake. Andika vile.